Maji Yaliyopotea Kiwanjani

Mtu aliyeuona mwili wa Bwana Udongo ndiye aliyekuwa amegombana naye kwa simu jana yake, na hilo hakulisema mpaka alipobanwa.

Alikuwa mchoraji wa mifumo ya maji taka. Alifika kiwanjani asubuhi, kabla ya saa mbili, na michoro yake kwapani, ili aone mahali tangi litakapochimbiwa. Aliita, hakuitikiwa. Akateremka hadi chini karibu na uzio, kwenye lile shimo refu ambalo wapimaji huchimba ili wausome udongo kwa ndani, akachungulia. Kwanza aliona buti. Michoro ikamponyoka.

Inspekta alipofika na Sajini wake, watu walikuwa wamekwisha kuamua. Bwana Udongo, mpimaji wa udongo anayejulikana mji mzima kwa kuonja udongo kwa ncha ya ulimi, alikuwa chini ya shimo, kifudifudi, nusu amefukiwa.

"Ukuta umemwangukia, afande," alisema Sajini. "Kazi hizi za mashimo ndivyo zilivyo."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye tabia ya kuangalia kitu mpaka aliye karibu naye aanze kuona haya. Alichuchumaa ukingoni akaangalia.

"Ukuta upi?" aliuliza.

Sajini akatazama. Kuta zote nne zilikuwa zimesimama wima. Alama za sepetu zilionekana toka juu mpaka chini, laini, kama mtu amekata sabuni. Ule ulikuwa udongo wa mfinyanzi, mzito, wa kijivu. Hakuna bonge lililomeguka.

"Basi huo uliomfunika umetoka wapi?"

"Umetoka kwenye lundo hapa juu. Mtu ameusukumia ndani." Inspekta akashuka kwa ngazi. Kisogoni mwa marehemu palikuwa na jeraha, na damu yake ilikuwa imekauka kabla ya udongo kumwagika. Akainua mkono mmoja wa marehemu. Chini ya kucha mlikuwa na udongo mweusi uliochanganyika na mwekundu, na chembe za mkaa. Magotini hali kadhalika. Shimo zima halikuwa na udongo mweusi wala mkaa.

Alipopanda juu alikuwa na jambo moja tu moyoni: Bwana Udongo hakufia pale.

Hatua chache kutoka shimo refu palikuwa na mashimo mawili madogo, membamba, ya kupimia jinsi udongo unavyokunywa maji. Mchoraji, ambaye sasa alikuwa amekaa juu ya jiwe akijipangusa jasho, alieleza. Unachimba kishimo, unakijaza maji, unaangalia yanashuka kwa kasi gani. Udongo ukinywa vizuri, maji ya nyumba na ya mvua yatapata pa kwenda. Usipokunywa, yatarudi juu, na yakirudi juu hayarudi peke yake.

Mashimo yote mawili bado yalikuwa yamejaa. Tangu jana maji yalikuwa yametuama kama kwenye bakuli.

"Alikuja na maji kiasi gani?" Inspekta aliuliza.

"Madumu matano. Mimi ndiye niliyempelekea kwa gari jana asubuhi. Aliyapakia kwenye toroli lake."

Toroli lilikuwa limesimama kando ya shimo refu, tupu. Madumu yalikuwa yamepangwa ukutani mwa nyumba ya zamani, kule juu ya mteremko. Sajini alikwenda kuyatikisa moja moja. Yote matupu.

"Kishimo kimoja kinameza dumu moja," alisema mchoraji. "Labda na kidogo."

"Kwa hiyo madumu mawili yako kwenye mashimo haya," alisema Inspekta. "Na matatu?"

Sajini akachungulia tena shimo refu. Sakafu yake ilikuwa kavu.

Inspekta alianza na aliyekuwa karibu.

"Uligombana naye lini?"

"Mimi? Na nani?"

"Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni mwake. Mtu wa mwisho kuzungumza naye ni wewe, alasiri. Baadaye alikupigia tena ukaikata. Usinizungushe."

Mchoraji alikuwa kijana wa kuvaa vizuri, na pale juu ya jiwe nguo zake zilionekana kama za kuazima.

"Alinipigia akasema huku chini udongo haufai. Haunywi hata tone. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchora mfumo mzima ukae hapa chini, na mwenye nyumba amekwisha kuukubali. Nikamwomba aseme unafaa kiasi. Akanicheka. Akaniambia nisimfundishe udongo. Nikampandishia sauti, naye akanipandishia. Alipopiga mara ya pili sikupokea. Nilikuwa nimenuna." Akaipangusa suruali yake vumbi. "Nilinuna tu, afande. Jana yote nilikuwa kwenye jengo la shule upande wa pili wa mji, mafundi wapo, waulizeni."

"Nani aliamua mfumo ukae huku chini, kabla hujachora?"

"Mama mwenye nyumba. Mimi na binti yake tulitaka kule juu, karibu na bustani, kwa sababu ni mbali na kisima cha jirani. Mama akakataa katakata. Akasema bustani yake haiguswi."

Inspekta alimtuma Sajini akaulize shuleni, naye akavuka uzio.

Jirani wa bondeni aliitwa Bwana Kisima, kwa kuwa kwa miaka mingi hakuwa na mazungumzo mengine. Wapita njia watatu walikuwa wamekwisha kumsimulia Inspekta, bila kuulizwa, kwamba jana mchana mzee huyo alisimama uzioni akamwambia marehemu kwa sauti: "Ukileta kinyesi cha watu kwenye kisima changu, hilo shimo lako litakuwa kaburi lako!"

"Nilisema," alikiri Bwana Kisima. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kisima chenyewe, kama mlinzi. "Nina mdomo, najua. Marehemu mke wangu aliniambia mdomo huu utanifunga. Lakini muulize mpimaji nilichosema baadaye."

"Siwezi kumuuliza. Niambie wewe."

"Alikuja hapa uzioni baada ya kama saa nzima. Akaniomba maji ya kunywa. Akaniambia, 'Mzee wangu, ondoa wasiwasi. Nimepima. Huku chini hapafai, na mimi sitasaini jambo la kukunywesha uchafu. Napanda juu bustanini, nikajaribu huko.' Nikamkumbatia. Mtu mzima na akili zangu, nikamkumbatia kwa sababu ya kisima." Akatazama pembeni. "Kisha nikamwona anasukuma toroli kwenda juu, na madumu yake. Sikumwona tena."

"Uliona nani mwingine?"

"Shemeji yake mama alirudi jua linapozama, yule baba mdogo wa binti. Binti alikuwa zamu hospitalini. Mama alikuwepo siku nzima, yeye haendi popote."

Inspekta aliupanda ule mteremko polepole. Haukuwa mkali, lakini mtu anayeshuka na toroli lenye mzigo asingehitaji nguvu. Angehitaji tu kulizuia lisimkimbie.

Nyumba ya zamani ilikuwa na vyumba vitatu na baraza iliyofagiwa vizuri. Nyuma yake bustani ilikuwa imepangwa kwa mistari, nyanya zimefungwa kwenye vijiti, mboga za majani zimestawi. Mama mwenye nyumba alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mabega mapana ya mtu aliyelima maisha yake yote. Alimkaribisha Inspekta kwa heshima, akamletea kiti, akamsikitikia marehemu kwa maneno yanayostahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi. Yule kijana alikuwa na adabu. Alinisalimia vizuri."

"Alifika huku juu?"

"Hapana. Alikaa hukohuko chini. Nilimpelekea chai mchana, basi. Nikamsahau. Nikadhani amekwenda zake."

"Madumu yake yako ukutani kwako."

Vidole vya mama vilitulia kwenye mchele, kisha vikaendelea. "Labda aliyaacha pale akitafuta kivuli."

"Bustani nzuri hii. Umeipanda lini?"

"Nyanya ni za zamani. Hiyo miche ya mboga, wiki iliyopita."

Inspekta aliipita mistari taratibu. Miche yote ilisimama imara, isipokuwa mstari mmoja wa pembeni. Mle majani yalikuwa yamelala chini, malegevu kama vitambaa vilivyoloa. Yeye mwenyewe alikuwa amekulia kwenye shamba la bibi yake; alijua mche uliohamishwa jana unavyonywea jua likiupata.

Hakuugusa. Alirudi barazani akakuta pikipiki ikipaki, na binti wa nyumba akishuka, bado na sare yake ya uuguzi. Taarifa ilikuwa imemfikia njiani. Macho yalikuwa mekundu.

"Mimi ndiye niliyemwita," alisema. "Nilimwambia mama, tukijenga, tujenge kitaalamu. Kumbe nimemwita mtu aje afe."

Mama yake alimwambia aingie ndani akanywe maji. Alisema kwa upole mkubwa, na Inspekta akajikuta anaona haya kwa kile alichokuwa anakifikiria.

Baba mdogo alitoka chumbani kwake akiwa amevaa buti. Mtu mrefu, mnyamavu, dereva mstaafu, aliyehamia pale kumsaidia shemeji yake tangu kaka yake alipoitelekeza familia. Habari hiyo mji mzima uliijua: baba wa binti aliondoka siku moja na begi moja, wakasema amemfuata mwanamke mji mwingine, na hajaandika hata mstari mmoja tangu binti akiwa mtoto wa kubebwa.

Inspekta aliangalia buti za baba mdogo. Kwenye soli, udongo mweusi uliochanganyika na mwekundu. Chembe za mkaa.

Sajini, aliyekuwa amerudi kuthibitisha kwamba mchoraji kweli alikuwa shuleni mpaka giza, aliona anachokiona bosi wake, akasogea karibu na mlango.

"Huyu," alinong'ona. "Tumfunge?"

"Bado. Niitie mchoraji. Na sepetu."

Walichimba mstari ule wa miche iliyonyauka. Mchoraji ndiye aliyepewa kazi ya kusoma udongo, na kadiri alivyosoma ndivyo uso ulivyomshuka.

Palikuwa na kishimo chembamba, kilichojazwa upya haraka haraka. Udongo wake ulikuwa bado na unyevu mpaka chini kabisa.

"Hiki ni cha kwake," alisema mchoraji. "Hii ni saizi ya chuma chake cha kutobolea. Na maji yamepita hapa, mengi."

"Madumu matatu?"

"Hata kumi yangepita. Tazama, afande." Alimega bonge akalivunja kiganjani. "Ardhi ambayo haijaguswa ina matabaka. Huku kwenye mteremko ni mweusi juu, mwekundu katikati, kijivu chini; kule shimoni ni kijivu kitupu. Hapa vyote vimevurugwa. Mkaa, vigae, mwekundu juu ya mweusi. Hapa palichimbwa shimo kubwa zamani, kisha likafukiwa. Udongo ukishachimbwa haujipangi tena wenyewe. Ndiyo maana maji yalipotea. Hicho ndicho alichotaka kuniambia nilipokata simu."

Sajini alichukua sepetu mkononi mwake.

Walipanua shimo. Ilipokaribia adhuhuri, sepetu ikagonga kitu ambacho hakikuwa jiwe. Inspekta alishuka mwenyewe akaendelea kwa mikono. Mfupa wa paja. Mbavu. Chuma cha mkanda, kizito, chenye umbo la kichwa cha simba, kimeliwa na kutu.

Baba mdogo alikuwa amesimama ukingoni. Alipokiona kile chuma akakaa chini palepale kwenye nyanya.

"Ni wa kaka," alisema. "Mimi ndiye niliyemnunulia." Kisha akaongeza: "Nimemtukana miaka yote hii. Kila nilipomwona mtoto wake, nimemtukana baba yake."

Walikusanyika sebuleni, watu watano. Kochi lilikuwa na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Sajini alisimama nyuma ya baba mdogo, mkono karibu na pingu, kwa kuwa kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha: ndugu amemuua ndugu, amekaa kwenye nyumba yake, na mpimaji alipofukua siri akamfuata.

Inspekta aliketi mbele ya baba mdogo.

"Buti zako zina udongo wa lile shimo."

"Najua."

"Uliupata lini?"

"Jana jioni. Niliporudi nilimkuta shemeji anahamisha miche. Giza lilikuwa linaingia, amechoka. Nikamwambia, shemeji, si ungengoja kesho? Akasema miche inakufa. Nikamsaidia kushindilia udongo kwa miguu. Nikamwagia maji."

Binti akaanza kuinuka.

Inspekta aligeuka taratibu kwa mama.

"Uliniambia miche ile uliipanda wiki iliyopita."

"Nimechanganya. Mtu mzima, mwanangu, siku zinachanganyika."

"Uliniambia hakupanda huku juu. Alimwambia jirani anapanda, na jirani akamwona anapanda. Madumu yake yako ukutani kwako. Kishimo chake kiko chini ya miche yako. Mchoraji alitaka mfumo ukae pale, ukakataa, ukasema bustani yako haiguswi. Na shemeji yako asingeukanyaga ule udongo akatembea nao hadi leo kama angejua unaficha nini. Angeziosha buti zake."

Binti alikuwa amesimama. "Mama," alisema. "Mwambie si kweli."

Mama alimtazama binti yake. Inspekta alikuwa amewahi kuwaona watu wengi wakitafuta uongo wa mwisho, huyu hakuutafuta. Alikunja mikono yake mapajani kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Lilikuwa shimo la choo," alisema. "Tulikuwa tumechimbiwa choo kipya. Baba yako akaja na mtu wa kununua kiwanja. Nyumba hii, shamba hili, vyote. Ulikuwa mgongoni kwangu. Nikamuuliza, mimi na mtoto tutalala wapi? Akasema hilo si tatizo lake. Mtu yule alipoondoka, nilikuwa na mchi mkononi. Sikuupanga. Nilipojitambua alikuwa amelala. Shimo lilikuwa wazi."

"Begi lake?" aliuliza Inspekta.

"Liko naye."

"Na Bwana Udongo?"

Hapo mama aligeuza uso kutoka kwa binti yake.

"Alipiga magoti pale anaangalia maji yanaisha. Akamwaga tena, yakaisha. Akamwaga tena. Akacheka, akaonja udongo. Akaniuliza, 'Mama, hapa palikuwa na choo?' Nikasema hapajawahi kuguswa. Akasema, 'Mama yangu, huu umeguswa. Kesho nitaleta watu tuchimbe mpaka chini, tujue kuna nini. Tusipojua, uchafu wenu utapita hapa moja kwa moja mpaka kwa yule mzee wa kisima, na watu wataumwa.' Alikuwa ananieleza vizuri, kama mwanangu. Akainama tena kupima. Chuma chake kilikuwa karibu yangu."

"Ukamtia kwenye toroli."

"Usiku, shemeji alipolala. Mteremko ulinisaidia."

Baba mdogo alikuwa ameziba uso kwa viganja. Sajini, asiyejua afanye nini na pingu zake, alizitoa, kisha akazirudisha.

"Alikuwa na mke," alisema binti. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ile ya wodini, ya kuwaambia watu mambo ambayo hayana dawa. "Alinionyesha picha. Mkewe ameniambia alimpigia simu usiku kucha, mama. Usiku kucha. Wewe ulikuwa umelala?"

"Sikulala."

"Yeye alikukosea nini?"

"Hakunikosea." Mama aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku ile yalikuwa na maji. "Baba yako nilimuua kwa hasira, na nilimsamehe kwa kunifanya nimuue, na nikajisamehe. Huyu nilimuua nikiwa na akili zangu zote. Nilihesabu: niko peke yangu, shemeji hajarudi, mtoto yuko kazini. Nilikuwa nakuogopa wewe. Si polisi. Wewe, ujue. Usiniombee, mwanangu. Mwende mkamwombe radhi yule mwanamke."

Nje mtu alikuwa akichota maji, na kamba ya kisima ililia mara kadhaa, ikanyamaza.

Inspekta alimwambia avae viatu. Mama alivitafuta chini ya meza kwa mguu, hakuvipata, na baba mdogo ndiye aliyeinama akamvalisha, kimoja baada ya kingine, bila kumtazama usoni. Kisha alitoka nje akaenda kusimama kwenye ukingo wa lile shimo la bustani, na hakurudi.

Kwenye gari Sajini alimfungulia mama mlango wa nyuma. Binti aliwafuata hadi pale. Inspekta alidhani atapiga kelele, au atamkumbatia, na alikuwa tayari kwa lolote. Binti aliinama ndani ya gari, akavuta mkanda wa kiti, akamfunga mama yake kwa mikono ile iliyozoea kufunga wagonjwa, akahakikisha haumbani shingoni. Mama alifungua mdomo. Binti akatikisa kichwa.

Alifunga mlango. Akazunguka nyuma ya gari, upande ambao mama yake asingeweza kumwona, akashika bodi kwa mikono miwili, na hakuiachia mpaka Sajini alipowasha injini na Inspekta akateremka kumtoa.